Jirani anajenga, nyumba yako inapasuka: nani anawajibika na unaanzia wapi

Mwezi wa pili tangu jirani aanze kuchimba msingi wa ghorofa, mama aliniita chumbani kwake pale Sinza, Dar es Salaam, akanionyesha ufa. Ulikuwa umeanzia kona ya chini ya dirisha, ukashuka ngazi ngazi kufuata viungio vya tofali mpaka karibu na sakafu, mwembamba, yaani ukucha tu ndiyo unaingia. Wiki mbili baadaye sarafu ya shilingi mia mbili iliingia na ikasimama yenyewe. Tukaenda kumuona mwenye saiti, akatupokea vizuri tu, akampa mama shikamoo na kiti, alafu akasema, "Mama yangu, hii nyumba ni ya enzi za Nyerere, imechoka yenyewe. Na mimi kibali ninacho." Mama akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, maana sikujua kama anachosema ni kweli au si kweli.

Ndiyo maana naandika hii, kwasababu baada ya hapo nililazimika kujifunza, na kila nikikaa na watu nakuta wengi wako palepale nilipokuwa mimi. Tangu lile jengo la Kariakoo lidondoke tarehe 16 Novemba 2024 likaua watu zaidi ya 20, na aliyekuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaunda timu ya kukagua majengo ya eneo lile, watu wanaogopa kila kijiko, yaani ile mashine ya kuchimba, kinachoingia mtaani kwao. Na wana haki ya kuogopa, bado tunaikumbuka Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilivyoshuka na watu 36 wakafa. Ila nyumba nyingi hazidondoki hivyo. Zinapasuka pole pole, mlango unaanza kugoma kufunga, maji yanaingia jikoni, na mwenye nyumba anazunguka kwa mwenyekiti, polisi, kwa fundi, hajui mlango upi ndiyo wenyewe.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya halmashauri kwamba michoro yako inakubalika kujengwa kwenye kiwanja kile, basi. Fidia ni hela unayolipwa na aliyekuharibia ili urudi pale ulipokuwa kabla hajakuharibia, sio zawadi na sio adhabu. Zuio ni amri ya mahakama ya kusimamisha kazi wakati ubishi unaendelea. Na amri ya kusitisha ujenzi ni kitu kingine, hiyo inatoka halmashauri, ndiyo ile unaona ukuta umepigwa X nyekundu. Watu wanachanganya haya manne kila siku, mwenye saiti akipigwa X, jirani aliyeharibiwa anashangilia akidhani ndiyo atalipwa, kumbe X haikupi hata shilingi.

Nyumba inaumizwaje na kitu ambacho hakijaigusa

Hapa ndipo mabishano mengi yanaanzia, kwasababu jirani anakwambia "mimi sijagusa ukuta wako" na kweli hajaugusa.

Ushawahi kwenda Coco Beach ukaona watoto wanachimba shimo kwenye mchanga? Simama pembeni ya lile shimo. Wakiendelea kuchimba, mchanga ulio chini ya mguu wako unaanza kuteremka kwenda shimoni, na wewe unayumba, hakuna mtu aliyekusukuma. Nyumba yako ndiyo huo mguu. Msingi haubebwi na udongo ulio chini yake moja kwa moja tu, uzito wa nyumba unasambaa kwenda chini na pembeni pia, ndiyo maana wahandisi wanapenda kupiga mstari wa kufikirika wa nyuzi 45 kutoka kwenye msingi wako kwenda chini. Jirani akichimba shimo linalokata huo mstari bila kuweka kitu cha kuushikilia udongo, anachukua sehemu ya kile kinachokubeba. Nyumba nyingi za zamani msingi wake ni mfupi, mita moja hivi au pungufu. Yeye anataka andagraundi ya mita tatu, na kati yenu kuna nafasi ambayo mtu anapita kwa ubavu. Hesabu hiyo haihitaji profesa.

Njia ya pili ni mtikisiko. Angalia muuza mchele sokoni, akijaza kopo alafu akaligonga gonga, mchele unashuka, inabidi aongeze. Udongo wa kichanga unafanya vilevile ukitikiswa na mashine za kushindilia au za kugongelea nguzo ardhini, unajipanga upya na kushuka, na kilicho juu yake kinashuka nao.

Ya tatu ni maji ya chini. Sehemu kama Kariakoo, Msasani, Mikocheni ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kwahiyo mkandarasi anaweka pampu usiku na mchana ili shimo likauke. Sasa maji yale hayatoki kwenye kiwanja chake peke yake, yanavutwa mpaka ya chini ya nyumba yako, na udongo uliozoea kukaa na maji yakiondoka unasinyaa kama sponji iliyokamuliwa. Hii inaweza kumfikia hata mtu ambaye hapakani na saiti kabisa, nyumba ya pili au ya tatu.

Ya nne ni uzito. Kaa kwenye kitanda cha godoro laini, alafu mtu mwenye kilo mia aje kukaa karibu yako, utamuegemea tu, upende usipende. Ghorofa la zege likikaa ubavuni kwa nyumba ya tofali na bati linavuta ardhi chini, na ile nyumba ndogo inainama upande huo. Hii inachukua muda, inaweza kujitokeza wakati mafundi walishaondoka zamani.

Alafu kuna maji ya mvua, na kwa Dar mimi nasema hili ndilo linaumiza watu wengi kuliko yote hayo juu ila halipewi uzito kwasababu halina kelele. Jirani anamwaga kifusi anainua kiwanja chake nusu mita, anajenga fensi bila matundu, anaelekeza mabati upande wako. Masika ikifika maji yaliyokuwa yanapita kwake miaka yote yanakuja kulala kwako. Msingi unakaa kwenye tope miezi mitatu. Plasta ya chini inavimba, inabanduka, chumvi nyeupe inapanda ukutani. Hakuna aliyechimba, hakuna aliyetikisa chochote, lakini nyumba inaharibika na aliyesababisha ni yule aliyeziba njia ya maji.

Sinza, Kijitonyama, maeneo haya yana shida ya ziada. Viwanja vyake vingi vilipimwa kwenye mradi wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, vidogo vidogo, kwa ajili ya mtu wa kipato cha kawaida kujenga nyumba yake ya chini. Leo kwenye kiwanja kilekile anayeuziwa anapandisha ghorofa nne, lodge au apatimenti, na aliyebaki pembeni ni mama yangu na nyumba yake ya vyumba vitatu.

Sio kila ufa ni wa jirani

Hili lazima niliseme kwa haki, kwasababu ukienda na madai ya ufa ambao sio wake utapoteza hata ule ambao ni wake kweli.

Nyufa nyembamba kama nywele, zimetapakaa kwenye plasta kama utando wa buibui, hizo mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka au saruji iliyozidi. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua zikija, hasa ukiwa umejenga kwenye udongo wa mfinyanzi, huo ni udongo wenyewe unapumua. Ufa wa kuogopa ni ule unaokata mshazari kutoka kona za madirisha na milango, au unaoshuka ngazi ngazi kwenye tofali, au ulio mpana juu kuliko chini, na zaidi ya yote ule unaoendelea kukua. Chini ya milimita moja usilale macho. Ukifika milimita tano na bado unatembea, tafuta injinia wiki hiyo hiyo. Ukikuta na milango imeanza kugoma, sakafu imeachana na ukuta, au unasikia mlio wa kukatika usiku, toa watu ndani kwanza, mengine yatafuata.

Kuujua unatembea au umesimama ni rahisi na ni bure. Chukua penseli, weka alama mwanzo na mwisho wa ufa, andika tarehe pale pale ukutani. Piga picha na rula ikiwa imeegeshwa pembeni. Baada ya wiki rudia. Mama alifanya hivyo kila Jumapili akitoka kanisani, ukutani kukawa na tarehe tisa zinashuka kama ngazi.

Yale tunayoambiana mtaani

"Ana kibali, huna la kufanya." Hii ndiyo iliyotufunga mdomo sisi. Kibali kinamruhusu kujenga, hakimruhusu kukuharibia. Leseni ya udereva inakuruhusu kuendesha gari, lakini ukimgonga mtu huwezi kumwonyesha leseni ukaondoka. Asiye na kibali yuko kwenye matatizo na halmashauri, mwenye kibali aliyekuharibia yuko kwenye matatizo na wewe. Ni vitu viwili.

"Kiwanja ni chake, anafanya anavyotaka." Hapana. Ni kweli Tanzania hatuna sheria moja maalum ya ujenzi wa mpakani, lakini mahakama zetu zinatumia pia misingi ya sheria iliyopokelewa kutoka Uingereza, ile ya kuanzia 22 Julai 1920, na kwenye hiyo kuna vitu vitatu vinavyokuhusu: uzembe, yaani mtu kutochukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua, kero, yaani kutumia kiwanja chako kwa namna inayomuumiza jirani, na haki ya ardhi yako kushikiliwa na ardhi ya pembeni. Hiyo ya tatu wengi hawaijui kabisa. Ardhi yako ina haki ya kuendelea kuegemea ardhi ya jirani kama ilivyokuwa siku zote, asije mtu akaichota akakuacha unaning'inia.

"Nyumba yako ni mbovu, ya zamani." Uzee wa nyumba unaweza kupunguza kiasi cha fidia, kwasababu halipi matatizo yaliyokuwepo kabla. Haumwondolei wajibu. Tena nyumba kuwa ya zamani na aliiona kwa macho ndiyo sababu ya yeye kuchimba kwa tahadhari zaidi.

"Mdai fundi, sio mimi." Atakwambia alimkabidhi mkandarasi kazi yote. Kwa kazi ya hatari kama kuchimba kando ya msingi wa mtu mwingine, mwenye mradi hawezi tu kumsukumia mkandarasi mzigo wote akanawa mikono, ndiyo maana mawakili wanawaunganisha wote wawili kwenye madai, mwenye mali na mkandarasi. Na kama kuna injinia mshauri, na yeye.

"Nenda polisi." Polisi wana kazi pale mtu ameharibu kwa makusudi, au kuna hatari ya watu kufa, au mmefikia kutishiana. Ufa wa ukuta kwa kawaida ni daawa ya madai, utaambiwa hivyo kaunta baada ya kusubiri masaa matatu.

Na mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kumwamuru mtu akulipe. Lakini usimruke. Barua iliyopita kwake ikagongwa muhuri ina tarehe, na tarehe ndiyo kitu utakachokuja kukihitaji kuliko kelele zote ulizopiga.

Sasa unaanzia wapi

Kama jirani bado hajaanza kuchimba, una bahati, usiichezee. Piga picha nyumba nzima, kila ukuta, ndani na nje, sakafu, dari, fensi, hata zile nyufa za zamani ambazo unaona aibu kuzionyesha. Tengeneza video ukiwa unatembea na kutaja chumba na tarehe. Jitumie kwenye imeili yako ili tarehe ibaki. Mwambie jirani aje muangalie pamoja na fundi wake, muandike ukurasa mmoja "hali ya nyumba kabla ya ujenzi", msaini wote na shahidi mmoja. Jirani mwenye akili atakubali haraka, kwasababu karatasi hiyo inamlinda na yeye usije ukamdai ufa wa mwaka jana. Sisi hatukuwa nayo. Kilichotuokoa ni picha za kipaimara cha mdogo wangu, watu wamesimama mbele ya ukuta ule ule, hauna hata mkwaruzo.

Kama ameshaanza na uharibifu upo, nenda uongee naye kwanza, na uende na mtu mzima mnayeheshimiana wote. Nasema hivi sio kwa upole tu, jirani utaishi naye miaka ishirini, na kesi nyingi zinazoisha vizuri ziliishia kwenye kikao cha sebuleni. Ila mkishaongea andika. Hata meseji ya WhatsApp, "Habari jirani, kama tulivyoongea leo kuhusu ufa wa chumba cha mama, ulisema utamtuma injinia Jumatano." Akijibu "sawa" una ushahidi ambao maneno matupu yasingekupa.

Soma bango la saiti. Saiti ya halali inatakiwa kuwa na bango linaloonyesha mkandarasi na wataalamu waliosajiliwa. Piga picha. Mkandarasi anasajiliwa na bodi ya makandarasi (CRB), injinia na bodi ya wahandisi (ERB), msanifu majengo na bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi (AQRB), na bodi hizi zinapokea malalamiko dhidi ya watu wao. Mtu ambaye hakujali ufa wako anaweza kujali sana usajili wake. Kama hakuna bango kabisa, hiyo yenyewe ni habari ya kupeleka kwa mhandisi wa halmashauri, maana inawezekana hakuna kibali wala mtaalamu, na halmashauri ina nguvu ya kusimamisha kazi haraka kuliko mahakama. Muulize pia mkandarasi kama ana bima ya mradi inayogusa mali za majirani. Akiwa nayo mazungumzo yanabadilika sura, hela haitoki mfukoni mwake.

Alafu injinia wako mwenyewe, aliyesajiliwa, sio wa jirani. Hapa watu wanabana hela na mimi naelewa, lakini ripoti yake ndiyo inayosema ufa huu umetokana na lile shimo, na kurekebisha kutagharimu kiasi hiki. Bila hiyo wewe ni mtu anayelalamika tu. Tunza risiti zote, ya injinia, ya fundi aliyeweka nguzo za kushikilia ukuta, hata ya chumba ulichopanga ukahama. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, iliyoripotiwa 1992, kwamba hasara ya namna hiyo lazima uitaje moja moja na uithibitishe, hakimu hawezi kukukadiria kwa huruma.

Mkishindwa kuelewana, wakili anaandika barua ya madai yenye siku za kujibu, na hiyo peke yake inamaliza mambo mengi. Kama ndani yake kuna ubishi wa mpaka, mfano ameingia kwako na bikoni, yaani jiwe la mpaka, imehamishwa, hilo ni shauri la ardhi, linaanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, na zikipita siku 30 bila suluhu unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama mpaka hauna ubishi na unachodai ni fidia ya uharibifu tu, hiyo ni ya mahakama za kawaida. Muulize wakili hili mapema, kesi zinatupwa nje baada ya mwaka mzima kwasababu zilifunguliwa mlango usio wake. Ukitaka kazi isimame, unaomba zuio, na tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969 mahakama inaangalia mambo matatu: una hoja ya kweli, utapata hasara ambayo hela haiwezi kuirudisha, na nani ataumia zaidi kati yenu. Kwahiyo ukienda kuomba zuio ghorofa likiwa limeshafika paa, umechelewa.

Na muda unakwenda. Madai ya fidia ya madhara kama haya ukomo wake ni miaka 3. Ahadi za "tukimaliza ghorofa tutakutengenezea" zimewamalizia watu miaka hiyo mitatu yote.

Kitu kimoja ambacho naona kinawaponza sana wazee wetu: karatasi ya kusaini. Jirani analeta laki tatu za rangi na plasta, na kikaratasi kinachosema "nimepokea na sina madai mengine". Usisaini hivyo wakati ufa bado unatembea. Pokea kama unahitaji, lakini iandikwe ni malipo ya sehemu, kwa ufa wa chumba fulani, kwa hali ya tarehe fulani. Na usikimbilie kuziba, ukiziba ufa ambao haujasimama utafunguka tena, na utakuwa umefunika ushahidi wako mwenyewe.

Kwetu iliishia ofisi ya mtendaji wa kata, mwezi wa sita. Mama alimwambia yule bwana waje wote chumbani, wakaja, mtendaji, injinia wetu, na mkandarasi wake. Hakuna aliyepiga kelele. Mkandarasi alipiga magoti akaangalia zile tarehe tisa za penseli, akaulizwa tarehe 14 walikuwa wanafanya nini, akafungua daftari lake la saiti, ilikuwa ndiyo siku kijiko kilipochimba upande wetu. Walijenga ukuta wa kushikilia udongo kabla ya kuendelea, wakaongezea msingi wetu zege kwa chini kipande kwa kipande, na nyufa zikazibwa mwezi wa kumi, baada ya wiki nane bila alama mpya. Mama amekataa ukuta ule upakwe rangi mpaka ghorofa la jirani liishe.